Gari la Mama Lisilowaka Asubuhi

Kijiji cha Daudi, 12 Juni 2024
Asubuhi: ukungu mzito, nyasi zimelowa.

Kaka Herman, shikamoo. Sisi hatujambo, ila mama kifua kinambana kidogo kwa baridi. Shemeji na watoto wanaendeleaje huko Katesh?

Najua umeshampata Seifu wa kununua gari na kulikata vipuri. Nakuomba usubiri. Leo mama kafungua boneti mwenyewe. Fundi alishabadilisha betri na bado kila asubuhi majirani wanalisukuma. Mama akaazima mita ya kupimia umeme kwa Bonaventura anayetengeneza redio, akachomoa sensa ya joto la injini na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Mshale wa mita haukusogea. Akaitia maji baridi, vilevile.

“Hiki ndicho kinachoidanganya injini,” akasema. “Inadhani imeshachemka, kumbe imeganda.”

Tundu ameliziba kwa gunzi la mahindi. Nakutumia sensa yenyewe kwa kondakta wa basi, utafute inayofanana. Fanya haraka. Fransiska wa Sebastiani anakaribia kujifungua, na daktari alimwambia asichelewe kufika hospitali. Pikipiki haimfai, na gari jingine hapa hakuna.

Mdogo wako, Paskalina

Katesh, 15 Juni 2024

Mdogo wangu Paskalina, salamu. Mama afunge kifua vizuri na asikae nje na hiyo boneti. Huku wote wazima, mkubwa tu ana mafua.

Sensa nimeipata kwa Farouk. Nimelinganisha plagi ya waya na nyuzi za kukazia, ni zilezile. Mwambie mama aikaze taratibu, ni shaba laini. Asipoiharibu, huyo mama yetu fundi Efrazia nitamshonea ovaroli aje kufanya kazi huku.

Lakini Seifu anakuja Alhamisi na lori. Nimeshampa neno langu. Tukubaliane hivi: likiwaka asubuhi moja ya baridi bila kusukumwa, nitamrudisha. Lisipowaka, aende nalo. Mimi nimechoka kusikia mama anasukumiwa gari kila siku.

Kaka yako, Herman

Daudi, 19 Juni 2024
Asubuhi: baridi kali, upepo kutoka bondeni.

Kaka Herman, shikamoo. Mama hajambo, kikohozi kimepungua.

Juzi alisubiri injini ipoe kabisa, akatoa gunzi, maji ya rejeta yakamwagikia beseni na viatu vyangu. Sensa aliianza kwa vidole, spana ikaja mwisho. Plagi ilikataa kuingia. Alikuwa ameigeuza juu chini, akacheka peke yake.

Jana liliwaka. Mimi nikashangilia, yeye akazima. Alisema jua limeshaipasha boneti, hiyo haihesabiki kwa Herman. Ungedhani wewe ulikuwa umesimama pale.

Leo kabla hakujapambazuka Sebastiani alimleta Fransiska amefungwa blanketi, uchungu umeshaanza. Wanaume watatu walikuja naye, na bila kuambiwa wakaweka mikono nyuma ya gari kama kawaida.

“Ondoeni mikono,” mama akasema.

Mmoja wao, Gidabuday, akamjibu, “Mama Herman, mtu anaumia. Leo siyo siku ya majaribio.”

“Nipeni mara moja tu. Likigoma, sukumeni.”

Walirudi nyuma, ila si mbali. Fransiska mwenyewe akamshika mama bega kutoka kiti cha nyuma, akamwambia awashe.

Kaka, liliwaka mara ileile ya kwanza. Gidabuday alibaki amenyoosha mikono hewani, mpaka Sebastiani akamwambia apande au abaki.

Hospitali tulifika kwa wakati, na ni mtoto wa kike. Daktari alisema wangekawia zaidi kidogo angekuwa anaongea habari nyingine. Mama aliposikia hivyo alikaa kwenye benchi la nje, akaomba maji ya kunywa.

Njiani kurudi akaniambia nikuandikie: Seifu asije na lori.

Mdogo wako, Paskalina