Macho ya Padri Kaitano

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Aprili, 1975.

Mpendwa mpwa wangu Benedikta,

Marahaba. Najua hujaniamkia. Barua yako ya mwisho ilikuja Noeli na shikamoo yake nimekwisha itumia yote, kwa hiyo naitikia kabisa hiyo utakayoniamkia ukimaliza kusoma hapa.

Hujambo lakini? Na kazi ya hospitali je? Ningeuliza kama wagonjwa nao hawajambo, ila mgonjwa asiye na jambo sijui anawatafutia nini. Na mama yako, dada yangu Josepha, amekwisha zoea kijiji kipya? Nasikia nyumba zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule. Mwambie asinung'unike. Alikaa miaka kule bondeni bila jirani wa kugombana naye, na mtu wa namna hiyo huzeeka upesi. Serikali imemwonea huruma.

Sisi huku tu wazima, magoti yangu ukiyaweka kando. Mkubwa wangu wa kazi Klara (nakutania, ni mke wangu, shangazi yako, usimwoneshe mtu hapa) anakusalimu. Tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na ugali wake una rangi ya ukuta wa posta. Klara ameniambia nisiseme neno juu ya unga huo maana mjumbe anakaa nyumba ya tatu, basi sisemi, ninaandika tu. Mvua imeanza na Jangwani pamejaa maji. Bushiri, jirani yangu muuza samaki, jana alirudi toka Feri amelowa mpaka kofia, samaki ndio walikuwa wakavu. Soko jipya nalo linakaribia kwisha. Limechimbwa chini na kupandishwa juu, na hakuna anayejua bamia zitakaa wapi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikanunue kalamu. Nina ombi kwako, na ombi lenyewe ni la macho ya Padri Kaitano. Nakuambia mapema usije ukasoma huku unajiuliza mjomba anazunguka kwenda wapi. Lakini kuzunguka nitazunguka, maana kosa ni langu, na mtu hasemi kosa lake kwa mstari mmoja.

Padri Kaitano unamkumbuka. Yule Mgoa mwembamba mwenye masikio makubwa, aliyekupa biskuti ulipokuja kwetu mdogo, nawe ukamwuliza kwa nini amevaa gauni. Wagoa, watu wa Goa kule Bara Hindi, wana lugha yao ya kwao, Kikonkani, na Padri ndiye aliyekuwa akiwaandikia michezo ya dini kwa lugha hiyo. Kila Kwaresima mchezo mmoja, Jumapili ya Matawi, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa parokia. Miaka ishirini na moja mimi nimekuwa seremala wake. Jukwaa nimejenga mimi, misalaba nimeranda mimi, na mti wa kujinyongea Yuda niliuimarisha mimi, maana Yuda wa mwaka sitini na mbili alikuwa mwoka mikate mwenye kilo zake.

Michezo yao ina desturi moja ambayo lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa balaa lililotokea. Waigizaji hawahangaiki kukariri. Mbele ya jukwaa kuna shimo, na juu ya shimo nimeweka kasha la mbao linalomficha mtu asionwe na watazamaji. Humo ndani alikuwa akikaa Padri mwenyewe na daftari lake, anasoma maneno kwa sauti ya chini, kipande kwa kipande. Aliye jukwaani anayasikia na kuyarudia kwa sauti kubwa, na mikono ya kutosha. Hafikiri. Likiingia sikioni linatokea mdomoni, kama maji ya bomba. Na watu ukumbini wanalia kwa machozi ya kweli.

Basi mwaka jana mambo yalianza kwenda upande. Padri alimpa Pilato maneno ya Lazaro ya mchezo mwingine kabisa, na Pilato wa watu akasimama pale akishukuru kwa kutolewa kaburini. Mimi nikawaambia watu Padri ana malaria. Kumbe hana. Wiki ile aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanieleza kwamba macho yake yote mawili yameingia ukungu mweupe na daftari halioni tena. Alikuwa akisoma kwa kukumbuka, na kichwa chenye michezo ishirini huichanganya kama mchele wa magunia mawili.

Aliniomba nisimwambie mtu. Wakijua watamrudisha kwao Goa, akakae kwenye kiti karibu na dirisha asiloliona. Hilo angelikubali, alisema, lakini kwanza afanye mchezo mmoja wa mwisho. Unajua tangu majumba yachukuliwe na serikali Wagoa wanaondoka, leo familia hii kwenda Kanada, kesho ile kwenda Ureno. Alitaka waliobaki waisikie lugha yao jukwaani mara moja tena. Nikaapa kwa Bikira Maria, na kwa sababu ananijua, akaniapisha na kwa Klara pia.

Ndipo akanifundisha kusoma Kikonkani. Usicheke. Herufi ni hizi hizi zetu, na darasa la tatu nililimaliza vizuri, hata la nne nililichungulia dirishani. Maana siyajui, lakini kutamka natamka. Miezi miwili, kila siku saa kumi nikifunga karakana, nilikwenda kumsomea. Alisema nasoma kama mtu anayekata ubao wenye vifundo. Lakini alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho, na mara nyingine akatabasamu mahali ambapo mimi niliona neno gumu tu.

Waigizaji nao hawakutosha, wengi wamekwisha panda meli. Pilato alibaki yule yule, Bwana Agnelo, fundi cherehani. Kwa Kayafa ikabidi achukuliwe Onesphory, mpishi wa parokia, Mngoni ambaye Kikonkani anachokijua ni majina ya mchuzi. Padri alimwagiza jambo moja tu: kila kitakachotoka shimoni, akiseme, asiache hata nukta.

Jumapili ya Matawi ya mwaka huu ikafika. Ukumbi ulijaa nusu, Wagoa mbele na leso zao, sisi wengine nyuma. Bushiri alikuwepo. Huja kila mwaka kumtukana Yuda, na hakosi. Shimoni tulikuwa wawili katika nafasi niliyomjengea Mgoa mmoja mwembamba. Mimi na daftari na taa, Padri ubavuni mwangu amenishika bega.

Nilisoma vizuri, Benedikta, sijisifu. Chakula cha Bwana kilipita, bustani ikapita, Bushiri akamaliza matusi yake. Tukafika kwa Pilato. Amesimama na beseni, maji yanamiminwa, ukumbi kimya. Padri akajisogeza asikie zaidi, na kisigino chake kikatua juu ya kidole changu, kile cha sugu. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wa kwangu hauna hata kamba. Nikasema, kwa sauti ile ile ya chini ya kusomea:

"Padri, toa mguu, unanikanyaga. Huoni?"

Bwana Agnelo amekuwa Pilato kwa miaka kumi na sita. Alinyanyua mikono yake inayotiririka maji, akawageukia watu, akatangaza kwa sauti ya liwali:

"Padri, toa mguu, unanikanyaga. Huoni?"

Ukumbi ulivunjika. Bushiri alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Na humu shimoni Padri, masikini, hakujua kwamba sauti yake nayo inapanda juu. Akanijibu polepole, bila hasira. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Kayafa, na Onesphory alikuwa ameagizwa asiache hata nukta. Akapiga hatua mbele, akanyoosha kidole mbinguni:

"Sioni, Pantaleo. Unajua sioni."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja wa Kigoa akaanza kulia kabla ya wakati wake, Yesu hajafika hata njiani. Bwana Agnelo akaangalia beseni kama vile ndiyo kwanza analiona. Mimi nilikuwa nimelishika daftari na herufi zote zimekimbia. Padri akanikandamiza bega, akaanza mwenyewe maneno ya Pilato kwa kichwa, taratibu. Bwana Agnelo akayapokea, na mchezo ukaendelea mpaka kaburini. Hakuchanganya hata neno. Watu walipotoka, Wagoa wote walipita karibu na kasha, mmoja mmoja, wakaligusa, kama wanavyogusa sanamu.

Kwa hiyo imejulikana. Paroko amefanya alivyoona ni vyema na simlaumu. Meli ni mwisho wa mwezi wa sita, na huko kwao yuko binti wa dada yake wa kumshika mkono.

Nilikwenda kesho yake kofia mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya toba, nayo yote yalinisahau mlangoni. Hakunikaripia. Alisema katika michezo yake yote huo ndio ulikuwa mstari wa kwanza wa Kiswahili, na Agnelo hajawahi kuigiza vizuri vile. Kisha akasema si wa mwisho. Akaingiza mkono chini ya godoro akatoa daftari lingine, jipya kwangu. Miaka hii miwili ya ukungu alikuwa akiandika mchezo kwa Kiswahili, kwa ajili yetu sisi wa nyuma. Ni habari za Simoni wa Kirene, aliyekamatwa njiani akabebeshwa msalaba usio wake. Alisema ameishi Kariakoo muda wote huu, mahali palipopewa jina la wabeba mizigo wa vita, na asingeondoka bila kuandika habari za mbebaji.

Akaniambia nimsomee, asikie kama ni mzuri.

Nikafungua. Mpwa wangu, hakuna kinachosomeka. Aliandika bila kuona, mstari juu ya mstari juu ya mstari, imelaliana kama dagaa kwenye ungo. Ukurasa hadi ukurasa, weusi mtupu. Mahali pengine wino ulikwisha naye hakujua, kalamu imekwaruza tu. Na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, masikio yale makubwa yanangoja.

Ningefanyaje? Nikasoma. Nikasoma yasiyokuwepo. Unajua babu yako, baba yangu mimi, alivyokamatwa akitoka shamba wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, akabebeshwa sanduku la risasi toka Masasi. Alivyotusimulia, nikampa Simoni. Simoni anatoka shamba, jembe begani, anawaambia askari, jamani, mimi napita tu. Wanambebesha. Anauliza huu mzigo ni wa nani, wanamwambia wewe beba. Nikaenda hivyo kurasa tatu, nikigeuza karatasi kwa kelele ili zisikike.

Nikafika mwisho wa ukurasa wa tatu. Halafu akasema:

"Pantaleo, hayo sikuyaandika mimi."

Nilitazama viatu vyangu.

"Lakini endelea," akasema.

Tangu hapo nakwenda kila siku saa kumi, naendelea. Hatulizungumzi. Yeye anasikiliza, mara nyingine ananirekebisha, kwamba hapo Simoni asiseme maneno mengi, mwenye mzigo hana pumzi. Lakini jana nimefika mahali pa kuutua. Simoni ameufikisha msalaba mlimani, wameuchukua begani mwake, amesimama pale mikono mitupu na huyu mtu anayesulubiwa anamtazama. Hapo anasema nini? Babu yako hakutuambia. Alikuwa akifika hapo anaomba maji ya kunywa. Nilimwuliza Padri aliandika nini yeye. Akasema alijua wakati anaandika, sasa limemponyoka, ila liko humo daftarini, ukurasa wa mwisho.

Nimeutazama ukurasa huo juani na kivulini. Sijui mstari upi ni wa kwanza. Anayeweza kujua ni mkono uliouandika, ukipata macho.

Basi ombi langu ni hili. Uliniandikia Noeli kwamba daktari wa macho atakuja hospitalini kwenu huko kusini mwezi wa tano, na kwamba mwaka jana alimwondolea bibi mmoja ukungu kama huo, bibi akamwangalia mumewe akauliza mbona mmeniletea mzee huyu. Mwombee Padri Kaitano nafasi. Andika jina lake mapema, kabla foleni haijafika barabarani. Barabara ya kusini kwa mvua hizi haipitiki, lakini meli ya Mtwara ipo, na mimi na Bushiri tutamleta mpaka mlangoni kwako. Bushiri anasema anakwenda kuangalia samaki wa kusini, lakini tangu siku ile hajacheka vizuri.

Padri nimemwambia. Alikataa kwanza, akasema macho ya mtu wa miaka sabini na moja ni ya kumshukuru Mungu na kuyaacha. Nikamwambia kidole changu bado kinauma na kisigino chake kina deni kwangu. Akakubali, kwa sharti kwamba akifumbuliwa, wa kwanza kumwona asiwe mimi, asije akastuka kama yule bibi.

Nijibu upesi, mpwa wangu. Meli ya Goa haingoji, na mimi kila siku saa kumi namkuta Simoni wetu bado amesimama pale mlimani, mikono mitupu, anasubiri neno lake.

Msalimie sana mama yako Josepha, na majirani zake wa mstari mzima. Msalimie mdogo wako Agnesi, mwambie kiti chake nimekwisha kukiranda, bado miguu. Klara anakubusu, Bushiri anakusalimu kwa Kiislamu chake nami nimemwitikia kwa niaba yako. Mungu akushike mikono unapowashika wagonjwa, na usiku akulaze kama mtoto.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata mwaka usipoandika,

Pantaleo, fundi seremala.