Mabawa Mawili ya Kushoto

Skjern, 9 Januari 2011

Shemeji Thorkild,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye upepo na matope. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenzake. Na wewe je? Kile kifua chako cha msimu wa baridi kimetulia, au bado unakifukiza kwa kiko?

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka thelathini si mchezo. Nina habari ya kukupa, ingawa nimechelewa nayo: Ejvind ametutoka. Ilikuwa tarehe kumi na nne Oktoba, bustanini, akiokota tufaha. Moyo ulisimama tu. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua kama ungependa kujua.

Sasa nina shida. Mezani kwake gerejini ameacha ndege ya mfano, ya kuongozwa kwa rimoti. Ni ile ile Kiluwiluwi mliyoijenga naye zamani, isiyo na injini, mita tatu kutoka ncha hadi ncha. Aliamua kuijenga tena kwa mchoro wake ule ule. Kiwiliwili tayari, mkia tayari, bawa moja tayari. La pili hata hakuligusa. Na Jumapili ya mwisho ya Agosti klabu ya ndege inauhama uwanja wa Nørhede, mwenye shamba amewapa watu wa umeme wa jua. Nataka ndege ya Ejvind iruke pale mara moja kabla uwanja haujafunikwa vioo.

Bawa nitalijenga mimi. Usicheke. Villads wa klabuni anataka kunisaidia, lakini mikono yake inatetemeka na mdomo wake haupumziki. Ejvind alisema mikono aliyoiamini ni yako tu. Nifundishe kwa barua.

Shemeji yako,
Bodil


Gudhjem, 19 Januari 2011

Shemeji Bodil,

Pole. Pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na koti, na birika likakaukia jikoni. Kifua ni kile kile. Kiko nimeacha, yaani nimeacha kuvuta mbele ya daktari.

Tangu juzi namwona Ejvind kila nikifumba macho. Unaukumbuka msimu wa baridi wa sabini na saba, tulipokunja mbao kwa mvuke wa birika lako, na wewe ukatutimua na ufagio? "Hili ni jiko la watu au karakana?" Ejvind akakujibu, "Mke wangu, ukituondoa hapa tutahamia chumbani." Tulicheka mpaka ubavu wa saba wa bawa ukavunjika. Sijawahi kucheka hivyo tena, nakwambia kweli.

Haya, sikiliza. Tandaza mchoro kwenye meza iliyonyooka. Juu yake weka nailoni ili gundi isishike karatasi. Bana kwa pini ule ufito mrefu wa chini, kisha simamisha mbavu moja moja juu ya alama zake. Usiharakishe gundi. Ukiona unaharakisha, nenda kanywe kahawa. Kila hatua nitumie picha.

Shemeji yako,
Thorkild


Skjern, 13 Februari 2011

Shemeji Thorkild,

Hujambo? Huku theluji imefika kwenye kizingiti, na mimi sina habari nayo, nina mbavu ishirini na tatu za kushughulikia. Gerejini baridi inakata vidole, kwa hiyo nimehamia meza ya chakula. Nyumba nzima inanuka gundi. Ningekuwa na huo ufagio leo ningejitimua mwenyewe. Picha iko ndani ya bahasha hii.

Nimelikuta sanduku la betri zake za kuongozea ndege. Kila betri ina kikaratasi: tarehe, saa aliyoanza kuichaji, saa aliyomaliza. Zipo mamia, Thorkild. Alichaji kila betri mara mbili, miaka yote hiyo, kwa sababu ya siku moja.

Wewe ulikuwepo. Agosti sabini na tisa, Kiluwiluwi ya kwanza iko juu kabisa, imetulia, mara ikapinduka na kushuka kichwa chini mpaka kwenye mashina ya shayiri, hatua kumi tu kutoka kigari cha mtoto wa Villads. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Villads alikuwa mwenyekiti wa klabu, akaandika ile barua: uzembe, hakuchaji betri, asiruke mwaka mzima. Mimi nilimwona akiichaji! Lakini yeye alisema, "Labda kweli nilisahau, Bodil." Mtu mzima akaanza kutojiamini hata kwenye kufunga mlango.

Na Machi iliyofuata ukahamia kisiwani bila hata kikombe cha kuagana. Alikuandikia mara mbili. Alikukosea nini? Nambie tu, sasa hamna wa kugombana naye.

Shemeji yako,
Bodil


Gudhjem, 24 Februari 2011

Shemeji Bodil,

Natumai theluji imepungua. Huku bahari imechafuka siku tano na meli haziji.

Picha nimeiona. Mbavu zimesimama vizuri kuliko za Ejvind, na namwomba radhi huko aliko. Endelea. Weka ufito wa juu, acha gundi ikauke siku mbili, kisha piga msasa kwa mkono mwepesi.

Hakunikosea kitu.

Shemeji yako,
Thorkild


Skjern, 27 Machi 2011

Thorkild,

Leo nimemaliza bawa. Nilivaa gauni la Jumapili, nikamwita Villads, nikaoka na keki. Tukatoa kiwiliwili, tukachomeka bawa la Ejvind, likakaa. Tukachukua langu kwa upande wa pili. Halikai. Tukaligeuza. Likakaa, lakini tumbo likawa juu na mgongo chini.

Villads akaanza kutikisika. Nikadhani ni moyo, kumbe ni kicheko. "Bodil wewe! Umejenga la kushoto! Una ndege ya kushoto tupu, hii itazunguka kama mbwa anayetafuta mkia!" Alicheka mpaka keki ikampalia, na mimi nikacheka naye, maana ningefanya nini.

Kisha akanieleza. Mchoro una bawa moja tu, la kushoto. La kulia mtu hupaka karatasi mafuta mpaka ipitishe mwanga, akaigeuza, akajengea upande wa nyuma. Kila mgeni wa kazi hii hukosea hapo. Sawa, nimekosea. Hata wewe uliyenifundisha ungeweza kusahau kunitajia.

Lakini niliposafisha vyombo nikakumbuka ile picha ya Februari. Maneno ya Ejvind kwenye mchoro yanasomeka wazi: "mbele", "nyuma", "usiguse, Bodil". Yangekuwa yamegeuzwa yangesomeka kama kwenye kioo. Mtu mwenye macho yako hakuona?

Bodil


Gudhjem, 4 Aprili 2011

Shemeji Bodil,

Sikuulizi hali kwa sababu najua nitakuharibia.

Niliona. Kwenye barua ya kwanza nilisahau kukutajia, hilo ni kweli kabisa. Lakini picha ilipofika niliona mara moja, kabla sijavaa hata miwani. Nilichukua kalamu nikuandikie "simama". Kisha nikafikiri: bawa likiisha Machi, barua nazo zinaisha Machi. Huku hakuna anayeniandikia isipokuwa manispaa. Nikaandika "endelea". Nimekupotezea majuma manne ya maisha yako kwa upweke wangu.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalizie. Si mara ya kwanza kunyamaza.

Unaukumbuka ule ubao wa vibanio vya nguo pale uwanjani? Kila masafa ya redio na rangi yake. Ukitaka kuwasha rimoti, chukua kwanza kibanio cha rangi yako. Usipokikuta, ujue mwenzako yuko hewani, na rimoti yako usiiguse, itaivuruga ndege yake. Mimi na Ejvind wote tulikuwa njano. Siku ile kibanio alikuwa nacho yeye. Mimi nilikuwa ndani ya gari nimejiinamia, nataka kuhakikisha tu kama sindano ya kipimo cha betri kwenye rimoti yangu inapanda. Nikawasha. Sekunde nne, pengine tano. Nikasikia watu wakipiga kelele.

Nikazima, nikaisukuma chini ya kiti, nikatoka nikakimbia na wengine. Mimi ndiye niliyeokota mkia kwenye shayiri na kumkabidhi. Akaniambia, "Asante, ndugu yangu." Nilitaka kusema pale pale. Kisha nikaona kigari cha mtoto, nikamwona Villads alivyobadilika rangi, nikainama kuokota vipande vingine. Jioni nikasema nitasema kesho. Kesho yake nikasema Jumapili. Barua ya Villads ilipotoka, nikawa nimeshachelewa, na kila nilipomtazama Ejvind akikagua betri nikaona afadhali nihame.

Betri yake ilikuwa imejaa. Hakusahau kitu.

Thorkild


Gudhjem, 12 Juni 2011

Bodil,

Wiki kumi hujanijibu, na sikuandiki ili unijibu. Nakujulisha tu. Nakala ya mchoro ninayo, Ejvind alinipa ule msimu wa baridi wa birika. Nimeupaka mafuta, nimeugeuza, najenga bawa la kulia. Jana nimefika ubavu wa kumi na tisa. Macho yananichokesha lakini mikono bado inakumbuka.

Likiisha nitalileta au nitalituma, utakavyo wewe. Ukitaka nilitie moto, hilo nalo nitalifanya.

Thorkild


Skjern, 30 Julai 2011

Thorkild,

Mimi mzima. Goti baya.

Lilete mwenyewe, Jumapili ya tarehe ishirini na nane Agosti, saa nne asubuhi. Utasema mbele ya wote, kwa sauti, kabla ndege haijaruka. Wazee waliokuwepo siku ile wamebaki watatu, na wote nimewaambia wasikose. Usiponena, bawa lako sitalifunga, na Kiluwiluwi itabaki chini.

Sijakuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa nikitukana.

Bodil


Skjern, 30 Agosti 2011

Shemeji Thorkild,

Sijui hata kama umefika salama. Meli ilikuwa na mawimbi? Umekula chochote njiani, au ulisafiri hivyo hivyo na njaa? Maana sandwichi zako za samaki zimebaki kwangu, nimezila mimi leo kwa hasira.

Ulisema. Nilidhani utazungukazunguka kama kawaida ya wanaume wa huku, utaanza na hali ya hewa. Ukasimama na lile bawa umelikumbatia na kamba uliyolifungia kwenye treni bado inaning'inia, ukasema, "Mimi ndiye niliyeiangusha. Ejvind alichaji." Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia wakati ule, nikashindwa. Ulionekana mzee sana, na shati ulilifunga vifungo vibaya.

Bawa lako limekaa bila hata kupiga msasa. Asger, mwenyekiti wa sasa, akaliangalia kwa chini, akasema, "Nani huyu? Angekuja miaka kumi iliyopita tungeshinda kila mahali." Kisha akairusha, ikapanda, ikakuta hewa ya joto inayoinuka juu ya ghala la nyasi, ikaanza kuzunguka polepole, bawa la marehemu upande mmoja, lako upande wa pili. Sote tukaangalia juu. Dakika arobaini, Thorkild. Shingo ziliuma na hakuna aliyetaka ishuke.

Tuliposhusha macho hukuwepo. Kijana wa Asger akasema amekuona kwenye kituo cha basi.

Kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Villads alikaa juu ya kreti ya soda, akavua kofia. Kisha akasema, "Ile barua niliiandika kwa mkono wangu." Akalia mbele ya watu. Jana asubuhi nilimkuta makaburini, amevaa tai, anamsomea Ejvind barua nyingine aliyoiandika usiku ule. Nilirudi nyuma, sikutaka kusikia yao.

Sasa nikwambie jambo ambalo Jumapili sikupata nafasi ya kukwambia, kwa kuwa ulikimbia. Ile ndege Ejvind hakuililia hata siku moja. Alisema mbao zipo, atajenga nyingine. Alikulilia wewe. Kila Krismasi alikuwekea glasi mezani, na mimi nikimuuliza anasema, "Huenda meli imechelewa." Hilo ndilo ulilomvunjia, si bawa wala mkia. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Sina ruhusa hiyo na sitajifanya ninayo.

Lakini yale majuma manne ya bawa la kushoto ni yangu, na hayo nimekusamehe. Nikwambie ukweli na mimi? Kuanzia Machi nilikuwa napiga msasa mahali palipokwisha kulainika. Niliogopa kumaliza. Nyumba hii baada ya chakula cha jioni ina ukimya ambao sikuujua, na barua yako ikiingia kwenye sanduku nilikuwa naisikia kutoka jikoni.

Ejvind alikungoja miaka thelathini. Mimi nina sitini na saba na goti bovu, sina muda huo. Kuna treni ya kuja huku Ijumaa.

Shemeji yako,
Bodil