Harusi ya Nyololo Bila Turubai

Uyole, Mbeya
Jumanne, 22 Julai 2025

Kaka Shigela,

Shikamoo. Tuliipoteza harusi ya Nyololo Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, na tangu siku hiyo mimi na wewe tumezungumza habari za dizeli, masufuria na matairi, lakini hiyo hatujaigusa. Leo naigusa. Ila kwanza pokea salamu zangu, maana hasira hainizuii kuwa mdogo wako. Hujambo wewe? Wifi Lusia kifua kimemwachia? Nasikia baridi ya Iringa mwaka huu haina adabu; ya huku kwetu imeunguza majani ya viazi mpaka yamekuwa meusi. Sisi wazima. Shemeji yako Andendekisye anasema gari likija usisahau vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, vya huku anaviita maji yenye maganda.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Karatasi haikatizwi. Nimempa dereva wetu Tadeo barua hii akukabidhi mkononi akishaegesha Fuso, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umefungua.

Wewe hukuwepo Nyololo, kwa hiyo nikueleze nilichokiona. Nilifika asubuhi na wapishi wangu, nikakuta uwanja mtupu umejaa ukungu. Nikajipa moyo kwamba gari la Iringa lenye maturubai liko njiani. Manyunyu yakaanza maharusi wakitoka kanisani. Bibi harusi, Eveline wa watu, akakatia keki ndani ya darasa la shule ya msingi, chini ya picha za herufi, na wakwe waliotoka Njombe wakala wamesimama barazani, sahani mkononi kama wanagombea foleni. Baba yake, mzee Liberatus, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, mbele ya kamati nzima, kama huko kwetu turubai ni kitu cha kupaka kwenye mkate. Watu wakacheka. Nikacheka nao, kaka, ningefanya nini? Kesho yake akaiondoa kwetu sendofu ya binti yake wa pili, na kamati mbili za huko Mufindi zinazomsikiliza zikamfuata.

Maturubai yetu yalikuwa Ipogolo, kwenye msiba wa jirani yako. Uliyatoa Jumatano, mazishi yalikuwa yawe Alhamisi, ndugu wa marehemu wa kutoka Makongolosi wakachelewa, mazishi yakasogezwa hadi Jumamosi. Hapo sikulaumu hata kidogo. Turubai haling'olewi juu ya wafiwa. Ndivyo tulivyoianza kazi hii: jirani akifiwa tunapeleka turubai na viti bure, na hatuandiki popote, kwa sababu msiba si kazi. Hata baba kule Usangu angefanya ulichofanya. Lakini tazama kilichotokea. Kwenye orodha ya kazi iliyo kwenye simu yangu Nyololo ilikuwa na tiki tangu Jumanne, uliponiambia mzigo upo. Kwenye orodha ya simu yako ilikuwa na tiki vilevile. Msiba haukuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Na huku Uyole maturubai matatu yalikuwa stoo, yamekunjwa. Ningejua Ijumaa mchana, Fuso ingeamkia Nyololo.

Usidhani naichukia ile orodha. Nilianza na viti arobaini vya plastiki na simu yenye kioo kilichopasuka. Andika, fanya, weka tiki. Leo tuna viti elfu moja na mia nane, maturubai kumi na moja, na stoo katika miji miwili, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Orodha ile haili bando, haina makuu, na mtu mmoja inamtosha kabisa. Ndiyo maana Jackline wa mapambo alipokuja na ile programu yake ya timu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia kwamba sisi tunapamba harusi, hatujengi bwawa la umeme.

Baada ya Nyololo nikamwita mwenyewe anionyeshe tena. Kila shughuli ina kadi yake. Kila turubai lina jina la mtu aliyelishika na mahali lilipo, na simu zote zinaona kitu kimoja. Nikaamua huku Uyole tuzijaribu zote mbili, wiki mbili orodha, wiki mbili programu, shughuli zinazolingana. Kwa orodha, Jumamosi moja nilipiga simu arobaini na moja kuuliza kama kitu kimefika. Kwa programu nilipiga tisa, na mbili kati ya hizo nilikuwa namuuliza mama Yunisi kama wali umeiva. Sitakuficha ubaya wake pia. Ilikuja na Kiingereza kitupu mpaka Jackline akaibadilisha maneno, ikawa Bado, Njiani, Imefika, Imerudi. Bando inalila kama ng'ombe aliyeona mahindi. Na ulizuka ugomvi mkubwa Jackline alipoweka safu ya Msiba. Mama Yunisi akasema kifo hakiwekewi rangi ya zambarau kwenye simu, tukifanya hivyo tunakiita. Alivua aproni, akaaga kabisa. Tukakaa, tukakubaliana safu hiyo iitwe Kwa Jirani. Aproni ikarudi shingoni. Sasa jirani akifiwa turubai linakwenda vilevile bure, ila wote tunajua limekwenda.

Hapo ndipo wewe ulipokataa. Uliwaambia vijana wa kupakia kwamba hukutoka Usangu na ng'ombe wa baba ili uje uchungwe kama ndama na simu ya Jackline. Uliwaambia kila mtu abaki na orodha yake, na anayetaka kujua mzigo uko wapi akuulize wewe kwa heshima. Maneno yalinifikia kabla Fuso haijapita Igawa. Yaliniuma. Yaliniuma kwa sababu sijawahi kukuchunga. Tawi la Iringa umelisimamisha wewe. Upepo ule wa Kihesa uliobeba mahema ya wenzetu haukugusa letu, kwa sababu vigingi ulivipigilia kwa mkono wako, na mimi nimelisimulia hilo kwa kila kamati niliyokaa nayo, mpaka Andendekisye ananiambia nipumzike.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili kwa desturi lilipaswa likufikie kupitia kwa wifi, si kwa mkono wangu. Nina ujauzito, kaka. Mwezi wa tano. Anayejua ni mume wangu na mama tu. Baada ya miaka yote ile ya kuulizwa na watu kwenye harusi zao kwamba mimi nitaitwa mama lini, nimeitwa. Daktari amesema kuanzia Agosti nilale, nisipande gari, nisinyanyue hata kiti kimoja. Orodha yangu ikilala na mimi, kazi yote inalala. Ndiyo maana nimeichagua programu, na si kwa ajili ya kukukagua.

Na jambo lingine ambalo hujaliona, kwa sababu umekataa hata kuifungua. Kuna jina moja juu kabisa, linaloona kadi zote za Mbeya na Iringa, linalosema hili liende na lile lisubiri. Jina hilo si langu wala la Jackline. Nimeandika Shigela. Mimi mwenyewe niko chini yako, nimeandikwa Mapumziko.

Mfikishie wifi Lusia salamu zangu, na umruhusu apige vigelegele, ila ndani ya nyumba kwanza. Wasalimie vijana wa stoo, uwaambie Uyole tunawaonea fahari hata wakitusema. Mama anawaombea.

Jumamosi hii kuna harusi Mafinga. Ijumaa saa kumi jioni nataka unipigie wewe mwenyewe, usimtume wifi wala Tadeo, uniambie neno moja: nafasi hiyo ya juu unaipokea au huipokei. Ukiipokea, fungua programu, utakuta Mafinga inakusubiri. Usipoipokea, saa kumi na moja nampa Jackline nafasi hiyo, nawe utabaki na stoo ya Iringa na orodha yako, na undugu wetu uko palepale. Usiniambie tutaona. Saa kumi, kaka. Ndiyo au hapana.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Nyamizi