Kwa Baba Augustine, Aliyesema Nani Aliimba "Viatu vya Fedha"

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ambayo hukuamka hapa Abu Hamour, Doha, nyumbani kwa binti yako Damaris. Watu walituambia mwaka ukipita mzigo utapungua. Labda. Sisi tunaona tumeuzoea tu, jinsi Damaris alivyozoea zamu zake za hospitali. Anarudi amechoka, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, anangoja chai iive.

Wengi hapa Doha walikufahamu kwa kukuona Ijumaa, siku ya mapumziko huku, ukielekea kanisani, mzee mwembamba mwenye koti la kahawia katika jua ambalo wengine hawavumilii hata na shati. Walidhani wewe ni mwalimu mstaafu. Kweli ulikuwa mwalimu, na vijana wa Machakos uliowafundisha Kiswahili sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Lakini kabla ya chaki ulikuwa mwandishi wa muziki.

Miaka ya sabini, ukiwa bado kijana, uliandika safu ya kila wiki katika jarida la *Rindimo* pale Nairobi. Safu yenyewe iliitwa "Sindano". Kazi yako ilikuwa kusikiliza santuri ndogo mpya, zile za wimbo mmoja kila upande, na kuwaambia wasomaji ipi ya kununua na ipi ya kuachia vumbi. Ulikuwa wakati wa glam roki. Kutoka Uingereza zilifika santuri za wanaume waliojipaka rangi machoni na unga wa kumeta mashavuni, waliovaa viatu vya soli nene kama tofali. Magazeti ya muziki ya huko yalikufikia yakiwa yamechelewa, nawe uliyasoma mpaka yakachanika kwenye mikunjo. Wazazi walisema huo ni wazimu. Wewe uliandika kwamba chini ya rangi zote hizo kuna ngoma mbili na makofi, na hakuna mtu asiyejua kupiga makofi.

Tunakumbuka ulivyoifuta santuri kwa kitambaa cha pamba kabla ya kuiweka, ukiishika ukingoni tu. Tunakumbuka ulivyokataa kusema lolote mpaka uisikilize mara mbili. "Mara ya kwanza nasikia," ulituambia, "mara ya pili nafanya kazi." Mkeo, Mama Peninah, alipofariki na Damaris akakuleta uishi naye, uliacha nyumbani karibu nguo zako zote, na mkwe wako Reuben akabeba katoni ya santuri mapajani kutoka Nairobi mpaka hapa. Mashine ya kuzipigia tuliipata kwa jirani Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao. Mjukuu wako Chelsea alipoona picha za wale wanaume wa kumeta alisema, "Babu, hawa wasee walikuwa na makeup kuliko mamangu!" Ulicheka mpaka tukakuletea maji.

Mwaka wa sabini na nne, Nairobi ilipata nyota wake wa kumeta. Alikuwa Job Kimondo wa bendi ya Vimulimuli, na santuri yao "Viatu vya Fedha" ilipigwa kila baa na kila harusi. Siku waliyoirekodi ulikuwa studio, umetumwa na jarida kuandika habari za bendi. Job alikuwa na homa, sauti imemkauka, hata salamu haitoki, na studio walikuwa wamepewa kwa siku hiyo moja. Mtayarishaji akamwita msichana wa kuitikia, Nafula, mwenye sauti nzito yenye mkwaruzo, akamwambia aimbe yeye, Job angekuja kuirudia akipona. Haikurudiwa. Santuri ilitoka na picha ya Job na jina la Job, na kwenye televisheni Job alifungua mdomo huku sauti ya Nafula ikisikika.

Uliandika ulichokiona. Ilikuwa mistari michache tu katikati ya safu: sauti mnayoipenda ni ya Nafula, makofi yenu mpeni mwenyewe. Kampuni ya santuri ikaondoa matangazo yake yote katika jarida. Mhariri akakuita na kukutaka uandike kwamba ulikosea. Ukakataa. Wiki iliyofuata "Sindano" ilikuwa na jina la mtu mwingine, nawe ukarudi Machakos kusomea ualimu. Ulitusimulia haya bila uchungu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Mwaka wako wa mwisho figo zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki Reuben alikupeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, na ulirudi ukiwa wa rangi ya majivu, ukishika ukuta. Ni katika siku hizo simu ya Paul ilipokufikia. Paul ni kijana wa Kenya anayefanya kazi na kampuni ndogo ya ng'ambo inayochapisha upya santuri za zamani za Afrika. Namba yako aliipata shuleni kwako Machakos.

"Mzee, familia ya marehemu Job inasema ndiye aliyeimba," alikuambia. "Tuko karibu kuchapa. Aliyewahi kuandika tofauti ni wewe peke yako. Tungependa kukurekodi ukieleza."

"Njoo kesho," ulimjibu, utadhani alikuwa anaishi mtaa wa pili.

Mlikubaliana azungumze nawe kwa video. Damaris alitoka zamu siku hiyo akakukuta umevaa koti lako, umekaa wima kitini, simu imeegemezwa kwenye bakuli la matunda. Asubuhi hiyohiyo daktari wako alikuwa amemweleza kwamba moyo wako nao umedhoofika.

"Baba, hapana," alisema.

"Ni maneno tu, Damaris."

"Maneno yanakuchosha kuliko ngazi. Umeambiwa upumzike. Na mimi nimechoka, Baba. Nimechoka."

Ulimtazama. Kisha ukavua koti, mkono mmoja mmoja, ukaliweka juu ya magoti. "Basi," ulisema. Hukukasirika, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Damaris alimwandikia Paul kwamba mzee hawezi.

Siku zilizofuata hukupiga santuri hata moja. Uliuliza habari za wajukuu, ulikunywa uji, ulimsalimia yule askari wa Nepal wa getini kwa jina lake kama kawaida. Lakini nyumba ilikuwa na sauti ya kiyoyozi peke yake. Damaris alisema kimya hicho kilimfuata mpaka wodini.

Siku moja hakuwa na zamu, nawe ulikuwa hospitali na Reuben. Alikuwa anafuta vumbi kwenye katoni, akaitoa "Viatu vya Fedha", akaiweka kwenye mashine. Ukweli ni kwamba hakuwa amewahi kuisikiliza. Tangu utoto wake nyimbo hizo zilikuwa kelele za baba chumba cha pili, na mambo ya wanaume kujipaka rangi hayakumvutia hata kidogo. Sasa alisimama na kitambaa mkononi. Zikaja ngoma, yakaja makofi, ikaja sauti ile nzito. Na kabla ya kiitikio cha mwisho, mwimbaji akavuta pumzi.

Damaris amesikiliza vifua vya watu tangu akiwa chuo cha uuguzi. Alirudisha sindano akasikiliza tena. Ilikuwa pumzi ya msichana, fupi na ya juu, pumzi ya mtu mwenye hofu ambaye ameamua kutokimbia. Akairudisha tena. Alijua haukuwa ushahidi wa kumpelekea mtu. Lakini yeye ulimtosha. Aliketi sakafuni akalia kidogo, kisha akanawa uso akampigia Paul.

"Bado hamjachapa?"

"Tunachapa wiki ijayo, dada."

"Basi ngojeni. Baba yangu ataongea. Ataongea akiwa amelala, na mimi nikisema khalas, imetosha, ni khalas."

"Sawa, dada. Ni khalas."

Mliongea Ijumaa baada ya misa. Hukukubali kuongea bila koti, kwa hiyo ulilala nalo, mito miwili mgongoni, Reuben akikushikia simu. Paul alikuheshimu, lakini aliuliza lililompasa kuuliza.

"Mzee, ni nusu karne. Hujasahau?"

"Nimesahau mengi," ulimwambia. "Juzi nilisahau jina la huyu mkwe wangu anayenishikia simu. Lakini siku ile nilikaa juu ya kreti ya soda, na Nafula alisimama hapo, kama alipo Damaris. Alivua viatu kwa sababu vilikuwa vinalia sakafuni. Aliimba mara mbili. Mara ya kwanza alicheka katikati, wakasimamisha. Mara ya pili ndiyo mnayoisikia mpaka leo."

"Na kwa nini unajisumbua na hili, hali yako ikiwa hivi?"

"Kwa sababu umeniuliza."

Damaris alisema khalas, na ikawa khalas. Jioni Paul alituma ujumbe. Wakubwa wake walikuwa wameguswa, lakini walitaka kumsikia Nafula mwenyewe kama yu hai. Wewe ulikumbuka tu kwamba kwao ni Kimilili. Reuben, anayeendesha gari la hoteli moja pale West Bay, akaanza kuuliza: madereva wenzake, askari wanaolinda maghorofa, wahudumu wanaopanda basi kwenda Lusail. Alichekwa. "Nafula wa Kimilili? Kaka, huko kila nyumba ina Nafula." Aliendelea kuuliza hata alipokuwa hana nguvu ya kula akirudi. Mwishowe askari mmoja akasema kanisani kwa shangazi yake kuna mama mzee wa jina hilo, ambaye inasemekana aliwahi kuwa mwanamuziki Nairobi, ila yeye mwenyewe huwa haongelei.

Reuben akamtumia shangazi huyo namba yetu. Simu ilipolia ulikuwa umelala. Damaris alikuamsha, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Ni yule kijana wa kwenye kreti?" sauti iliuliza.

"Ndiye," ulisema, na wote wawili mkacheka kicheko cha watu wasio na pumzi ya kutosha.

"Niliisoma ile 'Sindano' yako," alisema Mama Nafula. "Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani. Nilikuja ofisini kwenu kukushukuru, nikaambiwa umeacha kazi."

Damaris alifungua mdomo, nawe ukamtikisia kichwa.

"Ndiyo," ulisema. "Niliacha. Bado unaimba?"

"Kanisani. Sauti iliyobaki ni ya kuitikia tu."

"Nitolee kidogo."

Akakutolea. Simu ilikuwa inakatikatika, na hatukushika maneno. Wewe ulikuwa umefumba macho, na vidole viwili vilikuwa vinapiga blanketi. Siku ileile Mama Nafula alikubali kuzungumza na Paul.

Hukuiona santuri ikitoka. Asubuhi ile Damaris alikuletea uji akakuita, akakuita tena, kisha akaweka bakuli chini na kukushika mkono kwa namna anayowashika wengine kazini, ingawa alikwisha kujua. Zilifuata siku za karatasi na mihuri na ndege mpaka Machakos, na hizo hatuna nguvu ya kuzisimulia. Ulizikwa kando ya Mama Peninah. Shaun, mjukuu wako mdogo, aliuliza kama santuri tulizokwenda nazo zitarudi Doha. Tulimwambia ndiyo, zitarudi.

Santuri mpya ilitufikia mwaka huu. Mbele bado ni picha ya Job na kumeta kwake, na jina lake ndilo la kwanza. Chini yake wameandika: Sauti ni ya Nafula. Ndani kuna maelezo yako, neno kwa neno, mpaka viatu vilivyokuwa vinalia sakafuni. Damaris hakuridhika. Alimpigia Mama Nafula akitaka waandike malalamiko pamoja.

"Mama, wamemweka Job juu."

"Mwache, mwanangu. Job alikuwa kijana mzuri, na zile rangi zilimpendeza. Alikuwa anaona aibu, alikuwa ananikwepa. Mimi jina langu nimelisoma bila miwani." Kisha akauliza, "Hebu niambie, baba yako aliacha kazi kwa nini?"

Utuwie radhi, Baba. Ulimtikisia kichwa mara moja, lakini safari hii hukuwepo, na Damaris alikuwa amechoka kubeba. Alimwambia yote: matangazo yaliyoondolewa, mhariri, na ile wiki ambayo jina lako halikuonekana tena.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Na mimi nilikuwa namwona ni mtu aliyechoka na muziki." Tulisikia akijifuta pua. "Mtaandika kumbukumbu yake?"

"Tutaandika, Mama."

"Basi na mimi niandikeni. Msiniweke pembeni. Niwekeni pamoja na watu wake."

Wanaokukumbuka leo, Baba, ni binti yako Damaris na mkwe wako Reuben, wajukuu wako Chelsea na Shaun, dada yako Milcah aliyeko Machakos, wanafunzi wako wa miaka mingi, na Nafula wa Kimilili, aliyeimba.

Hatujakusahau, Baba. Hatutakusahau.