Mndimu wa Mama Yako

Ndugu yangu Mwanaidi,

Pole, ndugu yangu. Sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mara nne. "Kakangu Haji kafa. Sikwenda hata kumtazama hospitali. Ndiye aliyetutoa shambani kwa mdomo wake." Nikataka kukujibu kwa sauti, nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Mama alipougua baada ya kunizaa, mama yako alikupa wewe ziwa hili na mimi hili. Basi sikujua kama kwenu ni kibanda tu katika shamba la baba yangu, kule Unguja, wala kwamba kuna sharti: muhogo pandeni, mti hapana, maana mwenye mti hudai na ardhi. Mama yako akapanda mndimu nyuma ya choo. Tukaumwagilia sisi wawili, unakumbuka, kwa lile kopo lililotoboka, nusu ya maji ikiishia kwenye gauni lako.

Kisha zikaja zile fujo za uchaguzi kule mjini. Watu wakauana, na baba akawa anamwogopa kila aliyeishi shambani kwake. Siku moja tunakula, akasifu samaki. "Ndimu hizi za wapi?" Nami, kwa kujidai: "Mama yake Mwanaidi kapanda mti wake mwenyewe, baba. Sasa umenipita kimo!" Akamaliza kula, akanawa.

Wiki ile ile mkatolewa. Serikali ya Mwingereza ikawapa chumba kimoja kwenye nyumba za safu kule Ng'ambo, watu saba. Lawama mkamtupia Haji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akija kwetu kufua nazi. Nilipokuja kukutazama nikakusikia unamwita mbea, nikanyamaza. Na maandazi yenu nikala.

Haukupita muda, Mapinduzi yakaja, na sisi tukatoka kwa kukimbia. Sasa nipo Firq, karibu na Nizwa, huku Omani, nyumba ya vyumba sita na mimi peke yangu. Wanangu wako Maskati. Wajukuu wakija, nikisema Kiswahili wanacheka. Kutwa nasikia gereji zinagonga mabati. Sina mtu hapa wa kumwambia "unakumbuka?" Nimebaki na wewe tu, na barua hii huenda ikanikosesha na wewe.

Haji hakusema neno, Mwanaidi. Ni mimi.

Usinijibu kwanza. Nenda kaburini kwake, kaa naye, mwombe radhi. Zamu yangu ije baadaye, au isije.

Niliyenyonya nawe ziwa moja,
Zuwena