Kigoda Alinyamaza

Malangali, Sumbawanga

Mke wangu Mama Mwanaidi,

Kaa kwanza ndipo usome. Ninakujua, utaifungua barua hii ukiwa umesimama mlangoni na ungo mkononi, na barua yenyewe si fupi. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeiweka kabatini ukisubiri nirudi nikugombeze? Na mahindi ya nyuma ya nyumba, yale uliyoyapanda karibu karibu bila kunisikiliza, yameota? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Ninaandika nikiwa nimevaa masweta mawili na koti juu yake, na bado upepo wa huku unaniingia kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba. Sisi watu wa Korogwe hatukuzoezwa mambo haya.

Barua yako imefika na basi la Jumanne. Umeniuliza kuhusu kigoda cha marehemu mama, kwamba mguu wake mmoja umevunjika, kimekaa uani siku nyingi, na Mwanaidi anasema kikatwe kuni. Swali hilo nitalijibu mwishoni. Juma hili lote sikufanya jambo lingine ila kuteswa na kigoda, na ukisoma utanielewa.

Nilikuaga nikasema ninakwenda kwa siku kumi. Sasa ni juma la tano. Unakumbuka kilichonileta: Skolastika, mwandishi wa "Nyundo na Ukungu", alikataa kumpelekea mchapishaji kitabu cha saba, ambacho ndicho cha mwisho. Alisema hatakitoa mpaka mhariri aje nyumbani kwake akihariri mbele ya macho yake. Vitabu sita vya mwanzo vyote vilipita mikononi mwangu, lakini mimi naye hatukuwahi kuonana. Yeye alikuwa akinitumia madaftari kwa basi, nami nikiyarudisha kwa basi yakiwa mekundu kwa wino.

Nilidhani nitamkuta mwandishi anayenisubiri kwa hamu. Nilimkuta shambani anavuna ulezi. Alichuchumaa akapiga makofi polepole, kama wanavyowaamkia wakubwa huku, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Pole na safari. Daftari la mwisho nitakupa ulezi ukishaingia ndani."

"Utaingia lini?"

"Ukishakauka."

"Utakauka lini?"

"Ukishavunwa, Mwalimu."

Basi nikakaa. Nikawa mgeni wa mama yake, bibi kizee mwenye Kiswahili kichache na macho mengi, anayeninyima raha kwa kuniongezea ugali wa ulezi kila ninaposema nimeshiba. Nikitoka kwenda mjini ninakutana na wasomaji. Mama Mwanaidi, hawa watu ni wagonjwa! Ilikuwa mara moja tu nilipojitambulisha kwa msusi mmoja pale sokoni, nikidhani ninamuuliza njia mtu mwenye adabu, na tangu siku hiyo sina amani.

"Shikamoo babu! Eti nani atakikalia kile kigoda?"

"Marahaba. Subiri kitabu."

"Babu, usiwe hivyo bwana! Nimeanza kusoma nikiwa sekondari, sasa nina mtoto chekechea. Niambie hata kwa kunikonyeza."

"Mimi sikonyezi."

"Akikaa yule mjinga wa kusini, navichana vyote sita. Nakuambia kabisa. Navichana, nafungia maandazi."

Wewe ulisoma viwili tu ukaviacha, kwa hiyo nikukumbushe. Ni hadithi ya nchi ya juu, yenye mawe na ukungu, ambako watawala wa koo tano wanauana ili wakalie kigoda cha miguu mitatu. Anayekikalia ndiye mfalme. Kuna wahunzi wanaofua panga zinazoimba, kuna ndege wa chuma, kuna vita visivyokwisha. Vitabu sita, watu wanakufa kwa ajili ya kigoda. Nchi nzima inasubiri kujua nani atakikalia mwishoni.

Ulezi ukaingia ndani. Skolastika akanipa daftari. Nikalifungua, nikachukua kalamu nyekundu, nikasoma sentensi ya kwanza: "Kigoda aliinuka."

Nikakasirika. Kitabu cha saba, na bado mwanamke huyu hajui upatanisho! Kosa hilo nililisahihisha tangu daftari la kwanza, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole kikaota sugu. Kigoda si kiumbe. Tunasema kifaru amekimbia, kiboko amezama, kipofu ameketi, kwa sababu wana uhai. Kigoda kimevunjika, kigoda kimeanguka. Mtoto wa darasa la nne anajua. Nikakata "aliinuka", nikaandika "kiliinuliwa", na pembeni nikaandika maneno niliyoyaandika mara nyingi katika kazi zake: "Athari ya lugha ya mama."

Skolastika alikuwa amekaa mbele yangu anapepeta. Akauweka ungo chini.

"Mwalimu," akasema, "umemuua mara sita. Hii ya saba nakataa."

"Nimemuua nani?"

Akaingia chumbani akaburuta sanduku la bati, akalifungua, na ndani yake yalikuwa madaftari yote ya zamani, yenye wino wangu. Akanifungulia la kwanza. Aliandika: "Msichana akamwamkia Kigoda kwanza, kisha mfalme. Kigoda alinyamaza." Mimi nilikata yote nikaandika: "Msichana akakipita kigoda, akamwamkia mfalme." Akanifungulia la pili. Aliandika: "Usiku ule Kigoda alisikia baridi." Hilo nililiacha, ila nikaweka "kilisikia". La tatu, la nne, kote ni hivyo hivyo. Mahali alipoandika "yule" nimeandika "kile". Mahali alipoandika "amechoka" nimeandika "kimechakaa".

Mke wangu, unakumbuka uliponiuliza, ukisoma kitabu cha pili, "Hiki kigoda mbona kinasikia baridi?" Nikakujibu hiyo ni tashihisi, tamathali ya usemi, endelea kusoma. Ukaniangalia vile unavyoniangalia. Siku chache baadaye ukakifunga kitabu ukasema hukioni kinakokwenda. Nilidhani ni uvivu wako. Nisamehe.

Kwa maana yuko hai. Huo ndio mwisho wa vitabu saba. Kigoda ni dada mdogo wa mfalme wa kwanza, aliyejigeuza kigoda cha mti ili kaka zake waache kuuana kwa kugombea mahali pa kukaa. Wakamkalia. Wakaendelea kuuana. Katika kitabu cha saba, siku washindi wawili wa mwisho wanaposukumana juu yake, anainuka na kusema, "Nimewabeba wote, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka." Hakuna atakayemkalia tena. Yule msusi atafungia maandazi yake kwa kitu kingine.

Nilisoma daftari zima bila kushika kalamu. Kisha nikawaka, kwa sababu ndivyo nilivyo nikikosea.

"Kwa nini hukuniambia? Barua moja tu! 'Mwalimu, kigoda yuko hai.' Maneno manne!"

"Ningekuambia, ningekuwa nimekuambia mwisho."

"Mimi ni mhariri, si msomaji!"

"Ndiyo tatizo lenyewe, Mwalimu," akasema, wala hakuwa akinikejeli. "Nilitaka msomaji alione polepole. A, a, a, kitabu baada ya kitabu, aone kama nimekosea, kisha aone sikukosea. Nilisema Mwalimu atakuwa wa kwanza kushtuka. Nikasubiri la kwanza. Nikasubiri la pili. Kila likirudi, 'Athari ya lugha ya mama.' Kifipa changu nakijua na Kiswahili changu nakijua. Nimefundisha darasa la saba miaka yote."

"Ungebisha!"

"Nani angebishana na kalamu ile?"

Mama yake alikuwa jikoni anasikiliza. Akasema taratibu, akitafuta maneno, "Mimi ananisomea kabla ya kukuletea wewe. Kitabu cha kwanza tu, nikajua huyu ni mtu."

"Ulijuaje, mama?"

"Alinyamaza. Kigoda cha kukalia hakinyamazi. Kipo tu."

Mimi, niliyewafundisha walimu wa nchi hii sarufi, nimeshindwa na bibi anayesonga ugali. Maana ni kweli kabisa: huwezi kunyamaza kama huwezi kusema. Kitenzi chenyewe kilikuwa kinanipigia kelele, nami nikakibadilishia kiambishi.

Sasa sikiliza ubaya wake. Skolastika alisema kitabu hatakitoa. Vitabu sita vimeshaenea, viko shuleni, viko Namanyere, viko Matai, viko hata huko kwetu. Ndani yake hakuna "a" hata moja iliyobaki. Akitoa cha saba leo na kigoda kikasimama kusema, watu watasema mwandishi alikwama, akaokota muujiza. "Nimekaa na huyu mwanamke wa mti nusu ya maisha yangu," akaniambia. "Afadhali abaki sandukuni na mimi kuliko atoke watu wamcheke."

Nikamwambia nitamwandikia mchapishaji, vitabu sita visahihishwe vichapwe upya. Akauliza waliokwisha kusoma watarudishwaje. Nikamwambia basi nitaandika ukurasa mwanzoni mwa cha saba, kwa jina langu, nikiri kosa. Akasema nitakuwa nimesema mwisho kabla ya mwanzo, na mimi nimeshamharibia mara sita, inatosha. Siku tatu tulikula bila kusemezana. Mama yake akaendelea kuniongezea ugali, sasa kwa nguvu zaidi, nikahisi ni adhabu.

Siku ya nne Skolastika akatoka chumbani amechangamka, jambo lililonitia hofu. Akasema, "Mwalimu, vitabu sita vinasimuliwa na nani?"

"Na msimulizi. Hana jina."

"Ana jina sasa. Ni Karani wa Wafalme. Mzee mkali, ana wino mwekundu, ndiye aliyeandika habari zote, na kila alipoandika habari za Kigoda aliandika 'ki', kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Kosa si langu tena, wala si la kitabu. Ni la Karani. Kigoda akiinuka, mtu wa kwanza anayemgeukia ni yeye."

Mama Mwanaidi, kitu hicho ni kizuri mno hata kinaudhi. Kosa langu la vitabu sita amelifanya nguzo ya hadithi. Msomaji akirudi nyuma, kila "ki" niliyoiweka itamchoma. Nilimwambia inafaa, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. Kisha akanisomea Karani anavyofanana: mrefu, mkavu, amevaa masweta mawili, ana nywele masikioni. Nikapinga nywele. Mama yake akasogea, akanitazama sikio hili, akazunguka akanitazama la pili, akasema, "Ziache."

Bado haikwisha. Kigoda anamwambia Karani, "Wewe uliyeniandika kitu, nijibu." Hapo Skolastika akaacha mstari mtupu, akanisukumia daftari. "Jibu lake liandike wewe. Mimi simjui kwa ndani."

Niliandika ukurasa mzima na nusu. Nilieleza upatanisho, uhai na kutokuwa na uhai, na ugumu wa kazi ya karani. Skolastika akachukua kalamu yangu nyekundu, yangu mimi, akaukata wote kwa mstari mmoja wa mshazari, akaandika pembeni: "Refu mno. Anajitetea." Nikaandika tena, kwa ufupi. Akaandika: "Bado anajitetea." Mara ya tatu akaandika: "Huyu anaomba radhi kwa sarufi, si kwa Kigoda." Siku nne, mke wangu! Hakuna mwanafunzi niliyemtesa hivyo. Au labda wapo, nami sikuwatazama nyuso.

Jana asubuhi niliandika sentensi moja: "Nilikuandika kama nilivyofundishwa, wala sikukutazama."

Akaisoma. Akamsomea mama yake kwa Kifipa. Bibi akapiga makofi yale ya polepole, mara mbili, akarudi kwenye moshi wake. Skolastika akafunika kalamu, akalifunga daftari, akalizungushia kitenge, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nenda nalo, Mwalimu. Usiguse kitu."

Sitagusa. Kuna nukta mkato moja katika ukurasa wa mwisho ambayo si mahali pake, na nitaiacha ingawa itaniumiza mpaka nizikwe. Ninaondoka Jumamosi, na daftari litasafiri mapajani mwangu, si kwenye buti la basi. Ukitaka kuvisoma vile vitabu, usianze kabla sijafika. Nataka nikusomee mimi, na kila penye kosa langu nikuambie alichokiandika yeye.

Nisalimie binti yetu Mwanaidi na mumewe, na umwambie mkwe asiguse redio yangu. Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, koti lake limeniokoa. Msalimie pia jirani yetu muuza maziwa, ambaye alisema nitarudi nimekonda. Amekosea, nimenenepa kwa ugali wa ulezi.

Sasa lile swali lako. Mwambie Mwanaidi kuni zipo sokoni. Shemeji anajua fundi seremala mzuri, aitwe atengeneze mguu. Kigoda wa marehemu mama asikatwe. Alimbeba mama miaka yote ile jikoni, na mimi sikuwahi hata kumfuta vumbi. Aingizwe ndani leo hii. Asilale nje tena.

Mumeo,
Baba Mwanaidi