Herufi Zilizo Chini ya Bango Langu

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikaweka kalamu chini, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Basi naendelea tu, maana nina mengi.

Muhula umekwisha. Juzi tumekabidhi kazi ya mwisho chuoni. Unakumbuka, tangu nishuke kutoka Kinole kuja kusoma na kukaa kwako Kihonda, kila Ijumaa ukitoka msikitini ulikuwa unaniuliza, "Wiki hii wamewafundisha nini?" Nami nakujibu kwa mkato, "Mambo ya kompyuta tu, Mjomba." Nilidhani hutaelewa. Wewe uliyeandika kwa mkono majina ya maduka karibu yote ya mtaa huu, ati hutaelewa usanifu wa grafiki. Leo nitakujibu kwa kirefu.

Kazi ya kwanza ilikuwa nembo ya kiwanda cha maji cha kubuni. Karibu darasa zima tulichora mlima. Mwalimu wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, akazipanga zote ukutani, akazitazama, akasema, "Mnaamka chini ya Uluguru kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuutazama." Akatutoa nje na madaftari. Ulicheka nilipokusimulia hiyo. Ndiyo pekee niliyokusimulia.

Kazi ya pili ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Tuliambiwa kila mtu atafute mteja wa kweli, amtengenezee bango. Mimi nikaenda kwa Mama Zuhura, msusi wa barabara ya juu. Ukuta wa saluni yake uliuandika wewe. Nilikuwepo. Nilikuwa darasa la tatu, nimekuja likizo, ukanipa nishike ncha moja ya uzi uliopakwa chaki. Ukauvuta, ukauachia, mstari mweupe ukatokea ukutani umenyooka. Nikadhani ni uchawi. Ukaniambia, "Herufi zinataka sakafu ya kusimamia, kama watu."

Nilijua kwamba bango langu litafunika ukuta ule. Nililichora hivyo hivyo, picha ya mwanamke aliyesukwa, rangi ya zambarau na dhahabu. Likachapwa kwenye turubai, likafungwa juu ya maandishi yako. Chuoni nikapata A.

Jioni ya siku lilipofungwa ulirudi, ukaegesha baiskeli, ukanawa mikono kwa tina ya kutolea rangi na sabuni kama kawaida yako. Ukasema, "Nimeliona bango la Mama Zuhura. Rangi zimekaa vizuri." Nikaona kama unanilaumu, ingawa hukuwa umelaumu chochote. Nikakujibu kabla hujaniuliza, "Mjomba, siku hizi watu hawataki tena mambo ya mkono."

Ukasema, "Sawa, mama." Ukaomba chai.

Hatukuzungumza tena habari za kazi. Kikohozi kilikuanza wiki ile ile, ukasema ni vumbi la msasa. Halafu wodi. Halafu asubuhi ile nikiwa darasani, simu nimeizima sauti, na nilipoitazama mama yangu alikuwa amepiga mara nyingi sana. Nilijua kabla sijampigia. Dada hampigii mtu hivyo kwa habari ya kaka yake kama kuna heri.

Tulikupeleka Kinole siku hiyo hiyo. Wanaume wakakubeba kwenda kukuzika, sisi wanawake tukabaki uani. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, na mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: "Sawa, mama." Ulivyolisema taratibu.

Niliporudi chuoni kazi ya tatu ilikuwa imeshapita tarehe yake. Ilitakiwa tubuni herufi zetu, kuanzia A mpaka Z, tuziingize kwenye kompyuta ziweze kuandika. Sikuwa na hata moja. Mwalimu akanipa wiki. Nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta siku mbili mkono umekufa. Siku ya tatu nikachukua simu, nikatoka kwenda kuzipiga picha herufi zako.

Mjomba, nimetembea. Duka la dawa, fundi pikipiki, mashine ya kukoboa, ukuta wa madrasa. Nyingine zimeshapakwa chokaa. Lakini zile zilizobaki nilizisogelea kwa mara ya kwanza maishani, na nikaona. Mguu wa R yako unatoka mbele kidogo, kama mtu anayetaka kupita. O zako hazilingani hata mbili, lakini ukirudi nyuma hatua tano zote zinalingana. Penseli yako bado ipo chini ya rangi, ukiangalia vizuri. Ulikuwa unapima. Miaka yote nilidhani unakisia.

Nikazipata zote isipokuwa Z. Z ya kinyozi wa kona ilikwenda na ukuta ulipobomolewa. Ikabaki moja tu, na nilijua iko wapi.

Nikaenda kwa Mama Zuhura, nikamwomba anifungulie upande mmoja wa bango langu. Akaniangalia. Mkononi alikuwa na chanuo, mteja kakaa, nusu ya kichwa imesukwa. Akasema, "Hizo kamba huzifungui kirahisi. Kafunga mjomba wako."

Nikamwambia hapana, alifunga kijana wa kiwanda cha kuchapa.

"Yule alileta tu akaondoka, kamba zikawa fupi. Shabani alikuwa anapita, akashuka kwenye baiskeli, akafungua mpira wa kwenye keria yake, akalifunga mwenyewe. Nikamwambia, Shabani, unafunika maandishi yako mwenyewe. Akasema, hii ni kazi ya mtoto wetu, isije ikapeperuka."

Nilikaa kwenye benchi la wateja, Mjomba. Mama Zuhura akarudi kusuka mpaka akamaliza kichwa kile. Halafu tukafungua pamoja. Z yako ilikuwa nyekundu kama siku ulipoipaka, turubai langu lilikuwa limeikinga na jua. Nikapiga picha. Nikamuuliza kama anataka tuliondoe bango kabisa. Akasema hapana, libaki, aliyelifunga hakulifunga ili mimi nilifungue. Tukalirudisha kwa mpira ule ule.

Nilipowasilisha, mwalimu akazitazama herufi muda mrefu, akasema ni kazi nzuri, akaniuliza nilizibuni kwa kufuata nini. Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Sikuzibuni. Ni za mjomba wangu, mimi nimezikusanya." Akavua miwani. Akasema katika kazi hii anapima ubunifu, hawezi kunipa alama za ubunifu wa mtu mwingine. Nikapata C. Nakwambia kweli, ile A sijawahi kuifurahia, na hii C sioni haya kuionyesha.

Ya mwisho ilikuwa kifungashio. Nilitengeneza pakiti ya mdalasini wa mama, neno MDALASINI nikaliandika kwa herufi zako. Nikampelekea siku ya arobaini yako. Unajua mama kusoma kwake ni kwa shida. Akaishika pakiti, akapitisha kidole juu ya maandishi, akasema, "Huu mkono wa kaka." Akaenda nayo ndani.

Kesho yake akanipa kibao cha mninga kilichorandwa, akasema niandike jina lako kiende kaburini. Binamu yangu mmoja akashauri tuchapishe mjini, kitapendeza. Mama akasema, "Ataandika huyu." Nikaandika uani, nimepiga magoti, kwa brashi, wazee wakipita na kuchungulia. N imeegemea I, nafasi imeniishia mwishoni. Sikuifuta. Kipo kichwani pako sasa, na mtu akipita njia ya kisimani anakusoma.

Nikusimulie nini tena? Nyumba nimeifagia. Mama anakuombea kila swala, nami nakuombea, ingawa mara nyingi naanza kwa kuomba radhi halafu nasahau maneno mengine.

Naahidi hili, Mjomba. Rangi ya nje haidumu kule mlimani, mvua ni nyingi. Kila mwaka kiangazi kikiingia nitapanda Kinole, nitakiandika upya, mpaka N ikae inavyotakiwa.

Mungu akupe nafasi. Lala salama.

Mpwa wako,
Mwanahawa